Kubadilisha pedi za breki za mbele za Toyota Hilux ukiwa nyumbani

Pikapu inapofunga breki, uzito mwingi hukimbilia mbele. Hata Hilux iliyobeba mzigo nyuma, breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuisimamisha, na ndiyo maana pedi zake huisha mapema kuliko breki shuu za nyuma, zile zinazobana ndani ya ngoma. Kuzibadilisha ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye spana na sehemu tambarare. Kutoa pedi ya zamani na kuchomeka mpya huchukua dakika chache tu. Kazi halisi ni kuelewa kwa nini ile ya zamani imeisha jinsi ilivyoisha. Asiyelitazama hilo hujikuta amenunua pedi nyingine baada ya muda mfupi, au gari lake linavuta upande kila anapokanyaga breki.

Maelezo haya yanahusu Hilux inayoendesha magurudumu manne, hasa zile zinazoitwa Vigo (chesisi za KUN25 na KUN26) zilizotoka kati ya 2005 na 2015. Mbele zina kalipa (kibanio kinachobana pedi kwenye diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu) isiyosogea, yenye pistoni nne (vyuma vinavyosukumwa na mafuta ya breki), mbili kila upande wa diski. Hilux za kimo cha chini zinazoendesha magurudumu mawili huwa na kalipa inayoteleza, yenye pistoni upande wa ndani tu. Hiyo ina utaratibu wake kidogo, nao umeelezwa mbele. Kujua uliyonayo, chungulia kalipa kwa juu: ukiona dirisha lililo wazi na pini mbili zimelikatiza, zimebanwa na springi ya bati, hiyo ni ya pistoni nne.

Dalili kwamba wakati umefika

Pedi mpya ina unene wa takribani milimita 10 za ile sehemu inayosugua, bila kuhesabu bati la nyuma. Toyota inaruhusu itumike mpaka milimita 1, lakini kwa gari la kazi usifike huko. Ikibaki milimita 3, badilisha. Pedi nyembamba hupitisha joto haraka kwenda kwenye pistoni na mafuta ya breki, na joto hilo ndilo linaloua breki kwenye mteremko mrefu.

Mlio mwembamba wa chuma unaosikika gari likienda taratibu, kisha ukabadilika au kupotea ukigusa breki, hutokana na ulimi wa bati uliowekwa kwenye pedi makusudi ili uguse diski pedi inapokaribia kuisha. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma maana yake umechelewa, na diski tayari inalika.

Dalili nyingine huwapoteza wengi. Taa nyekundu ya breki inawaka, mtu anafungua boneti, anakuta mafuta ya breki yameshuka, anaongeza, taa inazima. Mara nyingi mafuta hayakuvuja popote. Pedi zikilika, pistoni hutoka nje zaidi na mafuta huzifuata, kwa hiyo kiwango hushuka kwenye kikopo cha mafuta hayo chini ya boneti. Ukijaza wakati pedi zimeisha, siku ya kuweka pedi mpya mafuta yatafurika na kumwagika kwenye rangi ya gari, na mafuta ya breki hubandua rangi. Kiwango kikishuka, tazama pedi kwanza. Pedi zikiwa nene bado, hapo tafuta uvujaji, ukianzia nyuma kwenye silinda za magurudumu.

Kununua pedi

Usiende dukani na jina la gari peke yake. Hilux za miaka inayokaribiana zina diski za ukubwa tofauti, na pedi hutofautiana kwa milimita chache zinazotosha kukupotezea siku. Chukua namba kamili ya chesisi na modeli kutoka kwenye kibati cha gari. Namba ya Toyota ya seti ya pedi za mbele huanza na 04465, na kwa Hilux za kizazi hiki sehemu ya pili huanza na 0K. Seti moja ina pedi nne, yaani magurudumu yote mawili ya mbele. Usibadilishe upande mmoja tu hata kama wa pili unaonekana mzima.

Iwe unanunua Kariakoo Dar es Salaam, Kirinyaga Road Nairobi au duka la wilayani, pedi feki zipo kila mahali, na boksi zuri si ushahidi. Itoe pedi uikague. Sehemu inayosugua iwe imeshikana na bati mwanzo hadi mwisho, bila ufa wala nafasi ambayo ukucha unaweza kuingia. Pedi zote nne ziwe na unene sawa na rangi moja. Nyuma au ubavuni kuwe na jina la mtengenezaji na namba zilizogongwa au kuchapwa vizuri. Nyingi huwa na herufi mbili pembeni, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza mshiko wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa pikapu inayobeba mzigo, FF ndiyo ya kuanzia. Pedi ya FE inapunguza mshiko ikipata moto, na breki hupata moto wakati ule ule unaoihitaji zaidi.

Nunua pia kopo la kusafishia breki, kichupa cha mafuta ya breki kilichofungwa (DOT 3 au DOT 4, kamwe si DOT 5, ambayo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine), na kipakiti cha grisi maalumu ya breki. Kwa magari ya pwani ongeza pini na springi zake. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hula pini hizo mpaka zikang'ang'ania kwenye kalipa, na nyingine huishia kukatwa.

Vifaa vyenyewe ni vya kawaida: wili spana ya 21, jeki ya tani mbili au zaidi, stendi mbili za chuma, koleo, nyundo ndogo na kipande cha chuma chembamba cha kugongea pini, klampu ya G au pau ya kubinulia, brashi ya waya, msasa, waya mgumu na bomba la sindano la kuvutia mafuta. Ukipata spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), vizuri zaidi. Vaa miwani na barakoa. Vumbi la breki si la kuvuta puani, na pedi za zamani za bei ya chini zinaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa pampu ya upepo. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia, kisha lifute kwa kitambaa cha kutupa.

Kuinua gari

Egesha mahali pagumu na tambarare. Kama ni udongo, weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Vuta hendibreki, tia gia ya kwanza (au P), kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Hendibreki ya Hilux inashika nyuma tu, kwa hiyo magurudumu hayo lazima yabaki chini.

Legeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua. Ukisubiri gurudumu liwe hewani, litazunguka, na nguvu ya kulegeza nati iliyoganda inaweza kulitikisa gari juu ya jeki. Inua kwa kuegemeza jeki kwenye chesisi, weka stendi chini ya chesisi pande zote mbili, shusha gari likae juu ya stendi, kisha lisukume kwa mkono kuona kama limetulia. Matofali na mawe hayafai kuwa stendi hata kwa dakika moja: tofali hupasuka bila onyo. Gurudumu ulilotoa lisukumie chini ya chesisi likae hapo kama ngao ya ziada.

Sasa fungua kikopo cha mafuta ya breki. Kama kiwango kiko karibu na MAX, vuta kiasi kwa bomba la sindano, kwa sababu pistoni zikirudi ndani, mafuta yatapanda. Weka kifuniko juu bila kukikaza ili uchafu usiingie. Tone likianguka kwenye rangi, limwagie maji mengi papo hapo.

Kutoa pedi, upande mmoja kwa wakati

Fanya gurudumu moja likamilike ndipo uende la pili. Upande ambao hujaugusa utakuonyesha jinsi kila springi na kila bati lilivyokaa. Piga pia picha kabla ya kugusa kitu.

Geuza usukani ili kalipa ikuelekee. Ondoa klipu ndogo inayozuia pini, kisha gonga pini mbili zitoke huku ukiishikilia springi ya bati kwa kidole, maana huruka. Pini zikikataa, nyunyizia dawa ya kutu, subiri robo saa, gonga tena kwa mapigo mafupi. Kupiga kwa hasira hupindisha pini, na ikishapinda haitoki.

Pini zikitoka, usivute pedi zote mbili kwa pamoja. Pistoni nne zinatumia mafuta ya njia moja: ukisukuma mbili za ndani zirudi huku upande wa nje hauna pedi, zile za nje zitatoka, na zikitoka kupita kiasi zitachomoka kabisa. Hapo kazi ya pedi inageuka kuwa kazi ya kufumua kalipa. Toa pedi ya nje peke yake, shughulika na pistoni zake mbili, ingiza pedi mpya, ndipo uitoe ya ndani.

Kalipa haihitaji kufunguliwa wala mpira wa breki (bomba linaloleta mafuta kwenye kalipa) kuguswa. Bolti za kalipa zinafunguliwa tu kama unabadilisha diski. Ukizifungua, zinarudishwa kwa nguvu ya 123 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na kalipa inaning'inizwa kwa waya kwenye springi au chesisi, kamwe si kwa mpira wake. Mpira uliobeba uzito wa kalipa hupasuka kwa ndani pasipoonekana.

Soma pedi zilizotoka

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Weka pedi za zamani mezani kwa mpangilio uliozitoa (ndani na nje, kushoto na kulia) na upime unene wa kila moja katika ncha zote mbili.

Zote zikiwa zimelika sawa, tofauti isiyozidi milimita moja au mbili, mfumo wako ni mzima. Weka mpya uendelee.

Kama ya ndani imeisha na ya nje bado nene, au kinyume chake, kwenye kalipa ya pistoni nne kuna pistoni iliyokwama. Upande ulioisha huenda ndio wenye pistoni isiyorudi, kwa hiyo pedi inasugua diski hata usipokanyaga. Au upande mnene ndio wenye pistoni isiyosukuma kabisa. Diski itakuonyesha: pedi inayosugua muda wote huacha diski yenye rangi ya bluu au alama za kuungua.

Kama pedi moja imelika mshazari, ncha moja nene na nyingine nyembamba, pistoni moja kati ya mbili za upande huo ni nzito, au pedi imekwama kwenye njia yake kwa kutu. Kutu hiyo hujificha pale masikio ya bati la pedi yanapokaa ndani ya kalipa.

Kama upande wa kushoto umeisha na wa kulia bado, usikimbilie kulaumu ubora wa pedi. Fikiria mpira wa breki. Mipira ya zamani huvimba kwa ndani na kugeuka mlango wa njia moja: ukikanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu, ukiachia, hayarudi upesi, na gurudumu linabaki limeshika. Ili kuuhakiki, gari likiwa limeinuliwa na pedi zipo mahali pake, kanyaga breki, achia, kisha zungusha gurudumu. Likiwa gumu, legeza kidogo nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa hiyo. Mafuta yakitoka na gurudumu likalegea papo hapo, tatizo liko kwenye mpira au juu yake, si kwenye pistoni. Baada ya kipimo hicho ni lazima utoe upepo kwenye gurudumu hilo.

Uso wa pedi unaong'aa kama kioo umeungua. Hutokea kwa gari linaloshushwa mlimani kwa breki badala ya gia, au kwa breki inayoshika muda wote. Uso wenye mifereji umesagwa na mchanga, jambo la kawaida kwa magari ya mashambani na machimboni. Uso wenye mafuta au grisi unataka utafute yametoka wapi, kwa kawaida sili ya habu ya mbele (mpira unaozuia grisi katikati ya gurudumu), kabla hujaziharibu pedi mpya kwa namna ile ile.

Diski

Pitisha kidole kuanzia katikati ya diski kwenda nje. Ukingo ulioinuka mwishoni ni wa kawaida. Ukiwa mkubwa, diski imelika sana. Unene wa chini unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, karibu na habu au ubavuni, baada ya maneno MIN TH. Safisha kutu usome. Ukipima kwa venia (kipimo cha unene chenye midomo miwili), ukingo ule utakudanganya, kwa sababu midomo ya kipimo inakaa juu yake. Weka sarafu mbili zinazofanana, moja kila upande wa diski ndani ya ukingo, pima kwa pamoja, kisha toa unene wa sarafu zote mbili.

Gari lililokuwa linatikisa usukani wakati wa kufunga breki lina diski ambayo unene wake haulingani mzunguko mzima. Pedi mpya hazitaliondoa hilo. Diski inaweza kuchongwa gereji kama baada ya kuchongwa itabaki juu ya kiwango kilichoandikwa, na zichongwe zote mbili. Diski iliyo karibu na kiwango usiichonge, inunuliwe mpya: diski nyembamba haihifadhi joto, na mtetemo unarudi baada ya muda mfupi. Yenye ufa unaofika ukingoni ni ya kutupa. Ikiwa nzima lakini inang'aa, isugue kwa msasa wa namba 120 kwa mizunguko ya ovyo pande zote mbili, kisha ioshe kwa dawa ya kusafishia breki. Diski mpya kutoka dukani nayo huoshwa hivyo hivyo, kwa sababu hupakwa mafuta ya kuzuia kutu.

Kurudisha pistoni na kuvisha pedi mpya

Kabla ya kusukuma pistoni, safisha sehemu yake inayoonekana. Uchafu ulioganda pale ukiingizwa ndani hukwaruza sili, na wiki chache baadaye kalipa inaanza kuvuja. Tumia dawa ya kusafishia breki au mafuta mapya ya breki na kitambaa. Petroli, dizeli na mafuta ya taa visiguse sehemu hii, huvimbisha mipira.

Sukuma polepole. Rudisha pedi ya zamani kwenye nafasi yake, ingiza pau kati yake na diski, kisha ibinue kwa nguvu iliyotulia mpaka pistoni zote mbili ziingie. Pistoni nzima huingia taratibu bila kugoma. Inayogoma, au inayoingia mshazari, imeota kutu au sili yake imechoka, na dawa yake ni kufumua kalipa na kuweka sili mpya, au kununua kalipa. Kuishika kwa koleo na kuizungusha ni kuichubua uso wake, na pistoni iliyochubuka hukata sili. Mtu aliyekuta pistoni iliyokwama asifunge pedi mpya juu yake kwa matumaini. Pedi hizo zitaisha vile vile.

Angalia kikopo cha mafuta kila baada ya kusukuma.

Safisha kwa brashi ya waya njia ambamo masikio ya pedi hupita, mpaka chuma kionekane. Pedi mpya iingie na kutoka kwa nguvu ya vidole. Ikibana, mara nyingi ni kutu iliyobaki au rangi iliyozidi kwenye masikio ya pedi. Ipunguze rangi hiyo kwa tupa. Usiipige kwa nyundo ili iingie, kwa sababu pedi inayoingia kwa nyundo haitarudi nyuma breki ikiachiliwa.

Nyuma ya kila pedi kuna mabati membamba ya kuzuia mlio. Seti nyingi za bei nafuu huja bila hayo, na mafundi wengine huyatupa. Yatoe kwenye pedi za zamani, yasafishe, yapake grisi ya breki nyembamba sana, na uyavishe kwenye mpya kama yalivyokuwa. Paka pia kidogo kwenye masikio ya pedi na kwenye pini. Grisi ya kawaida ya bearingi huyeyuka kwa joto na kutiririkia kwenye diski, kwa hiyo haifai hapa. Uso wa pedi na diski visipate hata alama ya kidole chenye grisi.

Pedi yenye ulimi wa mlio irudi nafasi ile ile ilipokuwa ya zamani. Baada ya pedi zote mbili kukaa, chomeka pini ya kwanza, ibane springi, pitisha pini ya pili, rudisha klipu. Vuta kila pini kwa koleo kuhakikisha klipu imeishika.

Kama kalipa yako ni ya kuteleza

Hapa unafungua bolti ya chini ya pini ya kuteleza, unainua kalipa juu kwa kuizungusha kwenye pini ya juu, na pedi zote mbili zinatoka kwenye kibebeo chake. Pistoni inarudishwa kwa klampu ya G, ukiweka pedi ya zamani juu yake ili nguvu ienee.

Ugonjwa wa aina hii uko kwenye pini mbili za kuteleza. Zikikauka, kalipa haisogei, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na kuisha haraka huku ya nje ikibaki nene. Zichomoe zote mbili, zifute, zikague kama zina kutu au mikwaruzo, zipake grisi ya breki, na uhakikishe vifuko vyake vya mpira havijachanika. Zikirudi, kalipa iteleze kwa mkono mmoja. Pini moja ya baadhi ya kalipa ina kipete cha mpira, nyingine haina, usizibadilishane.

Kufunga, na jambo ambalo halisahauliki

Rudisha gurudumu, kaza nati kwa mkono, shusha gari mpaka tairi iguse ardhi, ndipo ukaze kwa mtindo wa kukatiza, nati moja kisha iliyo mkabala nayo. Nguvu ya nati za Hilux hii ni 105 Nm. Usipokuwa na spana ya toki, spana yenye mkono wa sentimita 50 ikisukumwa mwishoni kwa uzito wa kama kilo 21 inafikia hapo. Kupanda juu ya spana na kuirukia huvuta stadi (bolti zinazoshika gurudumu) na kupindisha diski. Kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki. Pedali itazama hadi chini mara ya kwanza, kwa sababu pistoni ziko mbali na pedi. Endelea kuikanyaga na kuiachia polepole mpaka iwe ngumu na ibaki juu. Gari likiondolewa bila hatua hii, breki ya kwanza haitakuwepo kabisa. Magari yamegonga kuta na watu kwa sababu ya hatua hii moja kurukwa.

Pedali ikishakuwa ngumu, pima mafuta na uyaweke kati ya MIN na MAX. Kama mafuta yamekuwa meusi, au yana zaidi ya miaka 2, yabadilishe yote. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka: DOT 3 mpya huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini ikinyonya maji huweza kushuka hadi 140. Yakichemka, mvuke huingia kwenye njia, pedali inazama, na gari halisimami.

Kuzizoesha

Pedi mpya na diski havijakubaliana bado. Tafuta barabara isiyo na magari, nenda kilomita 60 kwa saa, punguza kwa breki ya wastani hadi karibu 15 bila kusimama kabisa, ondoka tena, acha nusu dakika ipite, rudia. Mara 10 zinatosha. Kisha endesha dakika kadhaa bila kugusa breki ili zipoe. Usisimame ukishikilia pedali zikiwa za moto, kwa sababu pedi huacha alama yake kwenye diski na mtetemo huanzia hapo.

Kwa kilomita 200 hadi 300 za kwanza jiepushe na breki za ghafla na mzigo mkubwa. Gari lililofungwa pedi mpya Iringa asubuhi lisishushwe mteremko mrefu wa Kitonga mchana likiwa na tani moja nyuma.

Likirudi na lalamiko

Pedali laini inayobonyea kama sponji ina upepo ndani, au mafuta ya zamani. Toa upepo. Pedali ngumu lakini inayokwenda chini sana kabla ya kushika, wengi huitolea upepo mara kwa mara bila faida. Kwenye Hilux chanzo mara nyingi ni breki shuu za nyuma zilizolegea, kwa hiyo fungua ngoma za nyuma uzirekebishe.

Gari likivuta upande mmoja, pande mbili hazishiki sawa. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Upande wa moto sana unashika muda wote; upande wa baridi haufanyi kazi.

Mlio mwembamba kwa siku za kwanza unaweza kuwa wa kawaida. Ukiendelea baada ya kuzizoesha, kagua mabati ya nyuma, springi na kingo za pedi. Lakini mlio wa chuma kwa chuma, harufu ya kuungua au moshi kwenye gurudumu, simamisha gari, liache lipoe, na usiliendeshe mpaka gurudumu hilo lifunguliwe tena.